Jina la karatasi na jina la kaburi: Wachina wa ughaibuni na safari ya kuitafuta nasaba

NDUGU msomaji, bila shaka unamkumbuka Jean Ping, mwanadiplomasia wa Gabon aliyeiongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa kuanzia mwaka 2008 hadi 2012. Wengi wetu tulipolisikia jina lake redioni tulitambua kwamba ana asili ya Kichina, tukadhani kuwa Ping ndio ukoo wake, kama mtu anavyoitwa Mazrui au Barwani. Sivyo. Baba yake alitoka Wenzhou, mji wa bandari katika mkoa wa Zhejiang, na jina lake kamili lilikuwa Cheng Zhiping. Ukoo ni Cheng. Ping ni kipande cha mwisho tu cha jina la mzee mwenyewe, nacho ndicho kilichobaki Gabon na kurithiwa na watoto. Mjukuu wake akienda leo Wenzhou akauliza walipo akina Ping, watu watamtazama kwa mshangao. Akiwaulizia akina Cheng, hapo mazungumzo yataanza.

Habari hii ndogo ndiyo mlango wa makala yetu ya Ijumaa hii. Katika miaka mia mbili iliyopita mamilioni ya Wachina walitoka mikoa ya kusini, hasa Fujian na Guangdong, wakaenda Malaya, Java, Manila, Bangkok, Morisi, Peru, California na kwingineko. Walikwenda kuchimba bati na dhahabu, kujenga reli, kukata miwa, kufungua maduka. Leo wajukuu na vitukuu vyao, ambao wengi hawasemi tena Kichina wala hawakisomi, wanauliza: sisi ni watoto wa nani? Nasi ambao sharia yetu imeihesabu nasaba kuwa miongoni mwa mambo makuu yanayohifadhiwa, hatuwezi kulitazama swali hilo kama kisa cha watu wa mbali.

Kwanza tufahamu jina la Kichina lilivyojengwa, kwani asiyelifahamu hilo hupotea tangu hatua ya kwanza. Mchina hutanguliza ukoo, kisha likafuata jina lake. Katika jina la Mao Zedong, Mao ndio ukoo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba ndugu zake wawili waliitwa Mao Zemin na Mao Zetan. Ile "Ze" inayojirudia haikuja kwa bahati. Ni neno la kizazi, ambalo wanaume wote wa tabaka moja katika ukoo hushiriki, ndugu na binamu, hata kama wamezaliwa vijiji tofauti.

Maneno hayo ya vizazi hupangwa mapema na wazee wa ukoo katika beti fupi za shairi. Kila neno la shairi ni la kizazi kimoja: kizazi cha babu kina neno lake, cha baba lake, cha wana lake, na cha wajukuu ambao bado hawajazaliwa nacho kimekwisha kuwekewa la kwake. Matokeo yake ni ya ajabu. Wageni wawili wa ukoo mmoja wakikutana ugenini, mmoja wa Penang na mwingine wa Vancouver, huulizana neno la kizazi, na hapo hapo wakajua nani ni ami na nani ni mtoto wa ndugu, hata kama ami ndiye kijana na mpwa ana mvi. Adabu ya salamu hufuata neno hilo, haifuati umri.

Jambo la pili linapingana moja kwa moja na desturi yetu. Kwetu pwani mtoto hupewa jina la babu, na babu hufurahi, hata akamwita mjukuu "somo". Kwa Wachina wa jadi kumpa mtoto jina la babu yake ni utovu wa adabu mkubwa, kwa sababu jina la mzee halitajwi ovyo, seuze kuitiwa mtoto anayekemewa na kutumwa dukani. Kwa hiyo mtafiti aliyezoea shajara za Kiarabu au za Kiswahili, ambamo Salim ni mwana wa Ali mwana wa Salim, asitarajie kuona hayo katika shajara ya Kichina. Akikuta jina moja limejirudia kwa babu na mjukuu, ashuku kwamba kuna kosa la kunakili.

Tena mtu mmoja alikuwa na majina kadhaa. La utotoni, la shule, pengine la heshima alilopewa alipokomaa au alipooa. Karani wa bandari aliandika alilotajiwa siku hiyo. Kitabu cha ukoo kikaandika jingine. Barua za nyumbani zikatumia la tatu. Mjukuu huziona karatasi tatu akadhani ni watu watatu.

Ama mwanamke, yeye haachi ukoo wa baba yake anapoolewa, na katika hili Wachina wamekutana na sisi. Lakini furaha hiyo ina mpaka. Katika vitabu vyao vya nasaba mke huandikwa kwa ukoo alikotoka tu, jina lake mwenyewe likaachwa, na binti mara nyingi haandikwi kabisa, kwa hoja kwamba ataingia katika nyumba ya watu wengine. Anayemtafuta bibi yake mzaa mama hugonga ukuta. Tusiwacheke. Ni shajara ngapi katika makabati yetu zenye majina ya kina mama?

Kitabu hicho cha nasaba huitwa zupu, na anayeitafuta asili yake hukitafuta hicho hasa. Ndani yake huwamo habari za mzee wa kwanza aliyehamia kijijini, mahali alikotoka, matawi ya wanawe, shairi la vizazi, tarehe za kuzaliwa na kufa, mahali pa makaburi, na mara nyingine masharti ya mwenendo ambayo mwanaukoo akiyavunja jina lake hufutwa. Ukoo mashuhuri kuliko zote ni ule wa Kong, kizazi cha mwanahekima Confucius aliyeishi karne ya sita na ya tano kabla ya Nabii Isa (a.s.). Toleo lao la mwaka 2009 lina majuzuu 80 na majina yanayozidi milioni mbili. Humo, kwa mara ya kwanza, wanawake waliandikwa, pamoja na walioko nchi za nje.

Vitabu hivi vilipata msiba mkubwa. Katika Mapinduzi ya Kitamaduni yaliyoanza mwaka 1966 vijana wa Walinzi Wekundu waliviita masalia ya ukabaila, wakavichoma pamoja na vibao vya mababu. Mzee mwenye kitabu alikificha darini, ukutani au ndani ya gunia la nafaka, akijua kwamba kikionekana atadhalilishwa hadharani. Vingine vilisalimika kwa sababu nakala zake zilikwisha kuvuka bahari pamoja na wahajiri, na baadaye kijiji kilichopoteza chake kikanakili tena kutoka kwa jamaa wa Singapore au Manila. Orodha kuu ya nasaba za Kichina iliyosimamiwa na Maktaba ya Shanghai, na kuchapishwa miaka ya 2008 na 2009, imetaja vitabu zaidi ya 52,000. Kanisa la Wamormoni la Utah nalo limepiga picha idadi kubwa ya vitabu hivyo, na mtu huweza kuvisoma bila malipo. Wana sababu zao za kiitikadi ambazo sisi hatuzikubali, lakini faida ya kazi yao katika elimu ya nasaba haikanushiki.

Sasa tuvuke bahari pamoja na jina.

Herufi za Kichina hazifuati sauti. Herufi moja husomwa kwa sauti mbalimbali kulingana na lahaja. Ukoo ambao Pekin husomwa Chen, kwa Kikantoni ni Chan, na kwa Kihokieni ni Tan. Hao watatu, wa Beijing, wa Hong Kong na wa Singapore, ni watu wa herufi moja. Ukoo wa Lin ni Lam kwa Kikantoni na Lim kwa Kihokieni. Hapa msomaji atasema: hili ni jepesi, nasi tuna Muhammad, Mohamed, Mamadou wa Senegal na Mehmet wa Uturuki, na jina ni lile lile. Ni kweli, lakini kwa Wachina kuna mtego wa pili, nao ni kinyume cha huo. Wong anaweza kuwa wa ukoo unaosomwa Huang kwa Kimandarini, au wa ukoo mwingine kabisa unaosomwa Wang. Ng wa Kikantoni ni Wu, na ndugu yake wa damu huko Penang huenda akaitwa Goh. Ng wa Kihokieni ni Huang, na hana uhusiano wowote na yule Ng wa kwanza. Katika herufi za Kilatini wageni hufanana na ndugu hutofautiana. Ndiyo maana wajuzi wa fani hii husema neno moja kwa kila anayeanza: usiniletee jina, niletee herufi.

Juu ya lahaja wakaja makarani. Mimi mwenyewe cheti changu cha kwanza karani alipunguza herufi moja katika jina la babu, na ilinichukua miaka kuirudisha. Basi mtu asiyejua lugha ya karani, wala karani asiyejua yake, hali yao ilikuwaje? Morisi jina zima la baba, ukoo na jina lake pamoja, liliandikwa kuwa jina la familia, kwa hiyo mpaka leo kisiwani humo zimo familia zenye majina ya maneno matatu. Ufilipino maneno hayo yaliunganishwa yakawa neno moja lenye sauti ya Kihispania. Corazon Aquino, aliyekuwa rais wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, alizaliwa katika familia ya Cojuangco. Jina hilo limetokana na jina la babu yake mkuu aliyehajiri kutoka kijiji cha Hongjian huko Fujian, ambaye ukoo wake kwa Kimandarini ni Xu. Mwaka 1988, akiwa rais, mama huyo alikwenda kijijini humo na kuingia katika nyumba ya mababu. Hawaii tajiri Chun Afong, aliyefika mwaka 1849, aliacha kizazi kinachoitwa Afong, na hali Chun ndio ukoo, na ile "A" ni kiambishi cha kumwitia mtu kwa mazoea, mithili ya sisi kumwita mtu "bwana fulani".

Kuna kwingine ambako jina halikuharibiwa na karani. Liliondolewa na dola. Indonesia, mwezi Desemba 1966, serikali ilitoa uamuzi wa kuwarahisishia raia wenye majina ya Kichina kuyabadili yawe ya Kiindonesia, na hali ya siasa ya wakati ule ilikuwa ya hofu na damu, hivyo neno "kurahisisha" lilieleweka maana yake. Watu walibadili kwa werevu. Waliokuwa Tan wakajiita Tanoto au Sutanto, silabi ya ukoo ikajificha ndani ya jina jipya kama kito ndani ya pindo la nguo. Waliokuwa Oei wakawa Wijaya. Tajiri mkubwa Liem Sioe Liong akawa Sudono Salim. Msomaji wetu akilisikia jina Salim atadhani ni mtoto wa chuoni. Kumbe ni mzaliwa wa Fuqing, Fujian. Mwaka 1967 likafuata agizo la kuzuia mila za Kichina zisionekane hadharani. Vikapita vizazi viwili visivyojua kusoma herufi, na asiyejua herufi hawezi kusoma kaburi la babu yake.

Aliyelifuta agizo hilo, mwaka 2000, ni Rais Abdurrahman Wahid, mwanachuoni wa Kiislamu aliyewahi kuiongoza Nahdlatul Ulama. Naye alikuwa akisema hadharani, bila kuona haya, kwamba katika nasaba yake yumo mtu wa ukoo wa Tan.

Nimeliacha kwa makusudi jambo zito zaidi mpaka hapa.

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Waliozaliwa Marekani walikuwa raia, na mwaka 1898 Mahakama Kuu ililithibitisha hilo katika shauri la Wong Kim Ark. Watoto wa raia nao waliruhusiwa kuingia. Kisha tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi likaipiga San Francisco, moto ukafuata, na daftari za vizazi zikateketea. Hapo watu wengi wakadai kwamba wamezaliwa mjini humo, na hapakuwa na karatasi ya kuwakanusha. Mtu wa aina hii alipotoka kwenda China na kurejea aliripoti kwamba amezaliwa mwana, ingawa hakuzaliwa. Nafasi ya mwana huyo ikauzwa. Kijana wa kijiji jirani aliinunua, akaacha ukoo wa baba yake, akawa mwana wa mtu asiyemzaa. Wakaitwa wana wa karatasi.

Kijana huyo alipewa kijitabu cha kuhifadhi kama tunavyohifadhisha watoto sura fupi, kisha akakitupa baharini kabla meli haijafika. Katika kituo cha Angel Island, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1910 hadi 1940, maofisa walimhoji kwa siku kadhaa. Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Mtungi wa mchele umewekwa wapi? Nani anakaa nyumba ya tatu katika safu ya pili? Kisha wakamhoji yule "baba" na kulinganisha majibu. Walipotofautiana, kijana alirudishwa. Wapo waliokaa kizuizini miezi mingi kwa sababu ya mtungi wa mchele.

Aliyefaulu aliingia akiwa na jina la mtu mwingine, akaoa kwalo, akazaa kwalo, akawasomesha watoto kwalo, akakaa kimya miaka arubaini. Sheria ile ilifutwa mwaka 1943. Baina ya mwaka 1956 na 1965 serikali ilifungua mlango wa kukiri, na zaidi ya watu 13,000 wakakiri, lakini wengi hawakuthubutu, kwa maana kukiri kwa mmoja kuliwafichua jamaa zake wote. Wengi walikufa na siri yao, na mtoto akaijua tu siku ya mazishi. Juu ya jiwe la kaburi herufi za Kiingereza zilisema Lee. Herufi za Kichina pembeni yake zilisema Wong.

Muislamu akisoma habari hii hukumbuka Sura ya Al-Ahzab, aya ya tano, inayoamrisha kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao waliowazaa. Zaid bin Haritha (r.a.) alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad, kwa mapenzi aliyokuwa nayo Mtume (s.a.w.) kwake, na mapenzi hayo yalikuwa ya kweli, juu ya hivyo aya iliposhuka akarejea kwa Haritha. Na yako maonyo makali katika hadithi juu ya mtu anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake ilhali anajua. Je, tuseme nini juu ya wana wa karatasi? Mimi siwahukumu. Hawakuwa watu wa sharia yetu, na dhulma ilianza kwa sheria iliyomfungia mtu mlango kwa sababu ya asili yake. Ninachokiona ni kwamba hata walipolazimika kusema uongo mbele ya ofisa, hawakukubali kuusema mbele ya kaburi. Jina la baba walilirudisha pale ambapo hakuna wa kuwahoji.

Ndiyo sababu utafiti wa nasaba hizi hupita makaburini. Mtu huanza nyumbani kwa bibi, kabla bibi hajaondoka: anamuuliza babu aliitwaje na wenziwe kwa lahaja yao, kijiji alikitajaje, alimpelekea nani pesa. Kisha hutafuta herufi. Jiwe la kaburi la Kichina huwa na jina la marehemu katikati. Juu au pembeni huandikwa wilaya au kijiji cha asili. Na upande mwingine majina ya watoto walioliweka. Mstari mmoja wa jiwe huweza kumpa mtu kile ambacho karatasi mia za uhamiaji hazikumpa. Singapore yako makaburi ya Bukit Brown, yaliyofunguliwa na manispaa mwaka 1922 na kufungwa mwaka 1973, yenye makaburi yapatayo laki moja. Serikali ilipotangaza mwaka 2011 kupitisha barabara humo, makaburi takriban 4,000 yalilazimika kufukuliwa, na watu wa kujitolea wakaingia vichakani kuyasoma na kuyapiga picha. Wapo waliomuona babu yao kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya kufukuliwa.

Kisha zipo barua. Wahajiri wa Asia ya Kusini Mashariki walituma nyumbani pesa na barua katika bahasha moja, zikaitwa qiaopi, na juu ya bahasha kiliandikwa kijiji na jina la mpokeaji. UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2013, zikiwa zinakaribia 160,000. Na zipo daftari za walewale waliowadhulumu. Kanada ilimtoza kila Mchina aliyeingia kodi ya kichwa, dola 50 mwaka 1885, kisha 100, na kuanzia mwaka 1903 dola 500, na katika daftari zake ikaandika jina, umri, mahali alikozaliwa, kimo na makovu ya usoni. Majina hayo yanafika 97,000 hivi. Nchi hiyo iliomba radhi mwaka 2006, kama Nyuzilandi ilivyofanya mwaka 2002 kwa kodi yake ya mfano huo. Kitabu kilichoandikwa kwa dharau leo kinamwonyesha mjukuu kijiji cha babu yake.

Akipatikana mwenye kijiji, safari imekaribia kwisha. Vijiji vingi vya kusini ni vya ukoo mmoja. Anayefika na herufi sahihi na neno la kizazi huulizwa maswali mawili matatu, kisha kitabu hufunguliwa mbele yake, na pale palipo na mstari usioendelea, penye jina la kijana aliyekwenda ng'ambo, huongezwa watoto wake.

Hapa kwetu pia kuna watu wanaodai nasaba hii. Baadhi ya familia za Siyu na Pate husimulia kwamba zimetokana na mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi zama za Zheng He, na mwaka 2005 binti mmoja wa Lamu alipewa nafasi ya kusoma China kwa sababu hiyo. Mapokezi ya wazee yana heshima yake. Lakini wako wanaoongeza kwamba mji wa kale wa Shanga umeitwa kwa jina la Shanghai, na hili halisimami: wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba Shanga ilikaliwa tangu karne ya nane, na Shanghai ilifanywa wilaya mwaka 1292. Mfanano wa sauti si ushahidi. Tumekwisha kuona yaliyowapata akina Ng.

Waislamu wa China nao wana kisa chao cha majina. Walipoingia humo Waarabu, Waajemi na Waturuki, majina yao marefu yalifupishwa kwa silabi moja. Ma, ukoo ulioenea mno kwa Wahui, wengi wao husema ni ufupisho wa Muhammad. Kizazi cha Sayyid Ajall Shamsuddin Umar wa Bukhara, aliyekuwa liwali wa Yunnan na kufariki mwaka 1279, hunasibishwa na koo za Na, Su, La na nyinginezo. Ukoo wa Ding wa Chendai, karibu na Quanzhou, nao hujinasibisha naye. Watu wake walihajiri Taiwan, Ufilipino na Malaya, na wengi wao kwa karne nyingi hawakusali tena. Lakini walipowatengea chakula mababu zao hawakuweka nguruwe. Ibada yenyewe hatuiafiki; ila tazama, kitabu cha ukoo na sahani moja isiyokuwepo ndivyo vilivyobaki kushuhudia kwamba babu alikuwa Muislamu.

Huko Malaysia jambo limekwenda kinyume. Kwa miaka mingi Mchina aliyesilimu aliandikishwa "bin Abdullah", jina la ukoo likaachwa, na wazazi wake wakasema mtoto "ameingia Umalay", si kwamba ameingia Uislamu. Baba aliona mstari wake katika zupu umekatwa na mwanawe mwenyewe. Wangapi waliogopa kusilimu kwa sababu hiyo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Na hali sharia haikuwaomba hilo. Umar alibaki bin al-Khattab, Khalid alibaki bin al-Walid, na Ikrima hakuacha kuwa mwana wa Abu Jahl (r.a.), ingawa baba zao hawakusilimu. Mtume (s.a.w.) alibadili majina yenye maana mbaya, nasaba hakuzibadili. Leo wengi hubaki na ukoo wao, kama mhadhiri maarufu Hussain Yee, na ni vyema.

Namalizia na Zheng He mwenyewe, amiri ambaye zama za safari zake, mwaka 1415, twiga alitoka Malindi na kufikishwa mbele ya mfalme wa China. Alizaliwa Yunnan mwaka 1371 akiitwa Ma He. Baba yake na babu yake wote waliitwa Hajji, na jiwe la kaburi la baba yake, la mwaka 1405, lingali Kunyang. Alitekwa utotoni na kuhasiwa, na ukoo wa Zheng alipewa na mfalme. Hakuzaa, kizazi chake ni cha mtoto wa ndugu yake aliyemlea. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mtu mmoja wa kizazi hicho, Zheng Chonglin, alivuka milima akafanya biashara Chiang Mai, Thailand, akawa miongoni mwa walioujenga msikiti wa Ban Ho. Huko familia yake ikachukua jina la Kithai, Wongluekiat. Ma, kisha Zheng, kisha Wongluekiat. Msikiti ungali umesimama karibu na soko la usiku, na watu wake bado wanajua kuyataja majina yote matatu kwa mpangilio wake.